Kibao kinasema John Mwakangale, konda anasema Nanenane: majina ya viongozi kwenye mali ya umma huku Nyanda za Juu Kusini

#1 Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Tukuyu na Kyela, na sisi wa Mbeya mjini tusio na salamu moja, mambo vipi.

Mwaka juzi mwezi wa nane shemeji yangu alitoka Songea kuja kwenye maonyesho ya wakulima. Ni mtu wa ofisi, barua anaisoma kama ilivyoandikwa, na barua ya mwaliko ilisema viwanja vya John Mwakangale. Kashuka Uyole alfajiri, baridi ile ya Agosti mnaijua, meno yanagongana. Akamwambia bodaboda: nipeleke John Mwakangale. Bodaboda akakuna kichwa, akamwuliza mwenzake. Mwenzake akasema hiyo itakuwa shule, iko njia ya Igawilo. Wakapanda kilima. Getini kwenye shule waliyoikuta, mlinzi akawaambia Mwakangale anayemjua yeye anauza mbolea pale chini dukani, lakini hajafungua. Wakamsubiri muuza mbolea! Ilipofika saa mbili shemeji akanipigia simu amekasirika. Nikamwambia mpe simu dereva. Nikamwambia dereva neno moja tu: Nanenane. "Aaah! Sasa mzee si ungesema Nanenane!" Safari ya elfu moja ikamla elfu nne.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu, nakiita kipimo cha konda. Jina la kiongozi litaandikwa kwenye jiwe la msingi, litazinduliwa kwa utepe, ngoma na kwaya ya shule ya msingi. Konda wa daladala asipolitaja dirishani, halijaingia mjini.

Tazameni lililoingia: Sokoine. Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa Mmasai wa Monduli, hana kahawa Mbozi wala mgomba Rungwe. Lakini alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, nchi nzima ililia. Baba anasimulia walivyojazana kwa jirani mwenye redio, watu wazima wakatoka nje mmoja mmoja ili wasionekane wakifuta macho. Chuo cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake mwaka huohuo. Na huku kwetu Sokoine ni uwanja wa mpira, mtoto wa Mwanjelwa akisema "twende Sokoine" hamfikirii waziri mkuu. Anafikiria nyasi, jukwaa, karanga za kukaanga, na kwa wakubwa kidogo ule msimu wa 2013/14 Mbeya City walipopanda daraja wakamaliza nafasi ya tatu. Jina limemezwa na mpira. Wengine wataona huko ni kusahauliwa. Mimi naona ndiyo heshima iliyoiva, mtu anatajwa kila wiki bila kulazimishwa.

Sasa niwaletee kilichonifanya niandike leo. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, mnakumbuka ile operesheni ya anwani za makazi, kila kichochoro lazima kiwe na jina na kila nyumba namba. Mtaani kwetu tuliitwa kikao chini ya mparachichi wa mwenyekiti. Tulikuwa kama watu arobaini, akina mama wengi, wanaume wachache wanaoangalia simu. Kijana wa anwani amekaa kwenye benchi na kishikwambi chake. Barabara yetu haikuwa na jina, tulikuwa tunaelekezana "pale kwa fundi cherehani, kata kushoto".

Mjumbe mmoja akasimama, akapendekeza jina la mheshimiwa mmoja aliyekuwa madarakani wakati huo, kwa kuwa alituletea malori mawili ya moramu. Makofi. Akina mama wawili wakapiga vigelegele, nadhani kwa mazoea. Kijana wa anwani akaanza kuandika. Ndipo mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu asiyesema sana, akauliza bila kusimama: "Hiyo moramu iko wapi?"

Kimya. Kila mtu akageuka kutazama barabara. Moramu ilikuwa imekwenda na masika, imebaki mitaro na mawe yanayochungulia kama meno.

Mzee akaendelea: "Na akihama chama?" Hapo kicheko, maana si jambo la kufikirika, tumewaona. Mjumbe akajibu atabaki kuwa mheshimiwa tu. Mzee akasema haya, na akipelekwa mahakamani? Mjumbe akakaa.

Kijana akaangalia saa: "Wazee wangu, nina mitaa mingine leo, naombeni jina lolote." Mama mmoja akasema basi andika Bombani, maana pale kona kuna bomba. Likapita bila makofi. Kibao kipo hadi leo. Bomba lenyewe lilikauka zamani, tunachota kisimani kwa mwalimu.

Hoja yangu ni hii: mwenye cheo asipewe jina la kitu cha umma akiwa bado kwenye kiti. Aondoke kwanza, vumbi litue, ndipo tuone nani anamkumbuka bila kuitiwa kikao. Nyie mnaonaje? Na wa Iringa mtuambie kuhusu jina la Chuo cha Ualimu Kleruu, hilo mimi mwenyewe naliogopa.

#2

Nimeweka kigoda. Muuza mbolea alifungua saa ngapi?

#3

Mtoa mada umeandika vizuri lakini una husuda kidogo. Watanzania tuna tabia mbaya, mtu akiwa hai tunamtukana, akifa tunampa uwanja. Mpeni mtu maua yake anaona! Mhandisi Patrick Mfugale walimpa jina la lile daraja la juu pale TAZARA Dar mwaka 2018, yuko hai, na sisi wanyalukolo wa Iringa tulifurahi kama tumejengewa nyumbani. Alifariki 2021. Mngesubiri afe angejuaje kwamba kazi yake imeonekana?

Na hao wanaoleta moramu mvua ikaiondoa, laumuni mvua na kilima chenu. Kuna sehemu hata hayo malori mawili hawajayaona.

#4

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha historia miaka 31 wilaya hizi hizi. Nimecheka habari ya shemeji lakini imeniuma vilevile.

Januari 1962 Nelson Mandela alitoroka Afrika Kusini kwa siri. Alipitia Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, akapanda ndege ndogo, na mahali alipotua ni Mbeya. Hotelini akakuta kitu ambacho kwao hakikuwapo: weupe na weusi wamekaa baraza moja wanapiga soga. Mwenyeji aliyekuwa akimsubiri ni John Mwakangale, mbunge wa TANU. Mwakangale alikwishafika kumwulizia, ila mama wa Kizungu wa mapokezi alisahau kumwambia mgeni. Mwafrika mmoja aliyekuwa pale akamwonya yule mama, kwa adabu lakini bila kutetereka, kwamba hawa ni wageni wetu na wanastahili kuangaliwa vizuri. Mandela ameeleza mwenyewe baadaye kwamba ni hapo ndipo alipotambua kweli yuko kwenye nchi inayotawaliwa na Waafrika.

Hapa hapa mjini kwetu. Nilipokuwa nafundisha niliwauliza wanafunzi kila mwaka, nani anamjua Mwakangale? Mikono ikinyooshwa ni ya watoto wa ukoo wenye jina hilo. Kwa hiyo mtoa mada, konda hana kosa. Tulimpa jina bila kumpa habari, na jina lisilo na habari ni refu tu mdomoni. Nanenane ni fupi.

#5 Mtoa mada

Mwalimu, shikamoo. Mimi nimezaliwa Mbeya, nimekulia Mbeya, habari ya Mandela na Mwakangale nimeisikia leo kwako. Nimeshamtumia shemeji. Amejibu "kumbe", halafu akaniuliza nani atamrudishia elfu tatu.

Wa #3, kuhusu Mfugale nakubali nusu. Mfugale alikuwa mhandisi wa barabara, alipewa barabara. Hakuwa anakuja kuomba kura yako mwaka unaofuata akiwa amesimama juu ya daraja lenye jina lake. Mwanasiasa akiwa madarakani, jina lake ukutani ni bango la kampeni lisilolipiwa. Shule imejengwa kwa kodi ya muuza viazi wa Uyole, halafu tunaambiwa "shule ya fulani".

#6

Jamani mimi wa Iringa, watoto wangu wawili wamezaliwa Frelimo. Kwa wasiojua, Frelimo kwetu ni hospitali ya manispaa. Tulipohamia Dar, mwalimu wa mkubwa akasoma kwenye cheti mahali alipozaliwa, akaniita pembeni kwa upole kabisa akaniuliza kama sisi tulikuja kama wakimbizi wa Msumbiji 😂

Nikamweleza: hapana mwalimu, mimi Mhehe wa Kihesa. Frelimo ni chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilianzishwa hapa hapa Dar mwaka 1962. Sisi Iringa tuna hospitali ya Frelimo, na mpira tunaangalia uwanja wa Samora. Ukitusikiliza kwa mbali utadhani tuko Maputo. Uzazi wangu wa pili ulikuwa mgumu, na mpaka leo nikisikia habari za uchaguzi wa Msumbiji kwenye redio, Frelimo hivi Frelimo vile, mimi nasikia harufu ya dettol na yule nesi mnene aliyekuwa ananiambia "mama, usilale, ongea na mimi".

Sasa hilo ni jina la chama cha siasa cha nchi nyingine kwenye hospitali ya umma, na sijawahi kusikia mtu wa Iringa akilalamika. Kwa nini? Nadhani kwa sababu hakuna aliyetuomba kitu. Tulilitoa wenyewe, kwa watu waliokuwa wanapigana.

#7

Dada wa #6 umenena. Na huko Kilolo kuna Mgagao, walikofanyia mazoezi wapiganaji wa Zimbabwe miaka ya 70. Pale hakuna jina la mtu wao hata mmoja, pameendelea kuitwa Mgagao, na Wazimbabwe wanaokijua kipindi kile wanalitaja hivyohivyo.

#8

Mtoa mada umeuliza kuhusu Kleruu ukasema unaogopa. Nimesoma Chuo cha Ualimu Kleruu miaka miwili, ngoja nijibu.

Kwa wadogo: Dk. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa. Isimani ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi. Siku ya Krismasi 1971 alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi, wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi akafa. Halafu akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa. Chuo kina jina la Kleruu.

Bwenini nililala kitanda cha juu, cha chini alilala kijana wa Isimani. Mtu mpole, anacheka, anapiga gitaa kanisani. Miaka miwili sikumsikia akitaja jina la chuo. Alisema "chuoni", "pale kwetu", "shule". Barua zilizotoka kwao (simu zilikuwa chache) ziliandikwa Chuo cha Ualimu, Iringa, basi. Zilifika zote, posta walijua. Siku moja nikamwuliza. Akaniambia babu yake alikuwa na trekta, akanyamaza. Sikuuliza tena.

Lakini nikupe na upande wa pili. Tulikuwa na mkufunzi aliyesema Kleruu alikufa kazini, ametumwa na serikali, hana bunduki mkononi, ameacha familia siku ya sikukuu. Naye alisema kweli.

Sasa rudi kwenye kipimo chako. Konda wa Iringa anaita "Kleruu, Kleruu, shuka" asubuhi hadi jioni. Jina limepita mtihani wako kwa alama zote. Na yule kijana alikuwa anashuka kituo hicho hicho, anamwambia konda "nishushe hapo mbele".

#9 Mtoa mada

Hapo umenikamata, mkuu. Nimeandika jibu mara tatu nikafuta. Kumbe anayeita anaweza kuita bila kubeba kitu, na anayenyamaza ndiye amebeba.

Sitaki libadilishwe, nisieleweke vibaya. Ningependa tu mwanafunzi anayeingia leo asimuliwe yote mawili, ya mkufunzi wako na ya trekta la babu.

#10

Nyuzi kama hizi ndiyo maana sijafuta hii akaunti.

#11

Mimi niko Kyela, biashara yangu ni mchele na vitenge, navuka Kasumulu kila wiki. Mnataka kujua mwisho wa mambo haya, vukeni mto mkaone. Malawi wakati wa Rais Kamuzu Banda kila kitu Kamuzu. Uwanja wa ndege Kamuzu, uwanja wa mpira Kamuzu, hospitali Kamuzu, na yote hayo yeye yuko hai yuko ikulu. Bakili Muluzi alipomshinda 1994, uwanja wa mpira wa Blantyre ukawa Chichiri, uwanja wa ndege wa Lilongwe ukavuliwa jina. Akaingia Bingu wa Mutharika 2004, Kamuzu akarudishwa kotekote.

Yule bwana ninayemuuzia mchele kule ana umri wa baba yangu. Nikimwambia Chichiri, anajibu Kamuzu. Mwanawe nikimwambia Kamuzu, anajibu Chichiri. Wanakaa nyumba moja. Fikirieni gharama ya vibao tu, kupaka, kufuta, kupaka. Mchoraji wa vibao ndiye aliyekula demokrasia.

#12

Msisahau na sisi tulishapitia. Mimi Tukuyu. Wajerumani waliuita mji huu Neu-Langenburg, kwa jina la mwana wa mfalme Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa mkubwa wa chama chao cha makoloni. Kasanga kule Rukwa kwenye Ziwa Tanganyika ikaitwa Bismarckburg, huyo ndiye kansela wao mwenyewe. Walikuwa na bunduki, na kodi ya kibanda, na vitabu vyote vya serikali vimeandikwa hivyo. Leo nenda stendi ya Tukuyu useme unataka kwenda Neu-Langenburg, watakuuzia dawa ya malaria.

Wakati huohuo Daraja la Mungu pale Kiwira halina jiwe la msingi, na kila mtu analijua.

#13

Mimi wa #3 nimerudi. Nimesoma yote, nimelainika kidogo ila sijahama. Mbona hamjamtaja Mkwawa? Naye alikuwa mtawala wa Wahehe, na watawala hawakuwa malaika, wapo waliomlipa kodi bila kupenda. Leo tuna chuo kikuu kishiriki cha Mkwawa, na jeshi lina kambi ya Lugalo kule Dar, kwa jina la mahali alipompiga Mjerumani Zelewski mwaka 1891. Alijiua 1898 ili wasimkamate, wakalibeba fuvu wanalodai ni lake mpaka Ulaya, likarudi Kalenga 1954. Huyo hakuna anayemhoji. Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye madaraka hafai jina.

Na Mkapa? Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020, kabla hajazikwa Rais Magufuli alishatangaza Uwanja wa Taifa uitwe Benjamin Mkapa. Vumbi halikutua hata siku tano, mtoa mada! Na jina likashika palepale. "Kwa Mkapa hatoki mtu", hiyo mlifundishwa na nani, na wizara?

#14 Mtoa mada

Wa #13, kwa Mkapa nimenyoosha mikono. Lakini angalia kilichotokea: serikali iliandika jina refu rasmi, Simba wakalichukua wakaligeuza nyumba ya mtu, "kwa Mkapa", kama unavyosema kwa Mama John. Bila wale mashabiki lingebaki kwenye tiketi. Na ulikuwa msiba, watu wametulia, kama 1984. Msiba unafungua mlango ambao malori ya moramu hayafungui.

Mkwawa naye, Mhehe analibeba jina hilo bila kuagizwa na baraza la madiwani. Sina neno.

Kwa hiyo naacha kipimo cha konda kwa kujua anakotoka abiria (asante #8), ila la mwenye kiti kujipa jina siliachi.

#15

Hapo kwa Mama John umenikumbusha. Miaka yote napita pale Mbeya, konda anaita "Mama John wapo?", sijasikia abiria akiuliza alikuwa chama gani.

#16

Mtoa mada, swali la mwisho kabla sijalala. Nina mzigo wa mbegu za viazi wa kutuma huko kwenu wiki hii. Niandike Bombani au niandike kwa fundi cherehani?

#17 Mtoa mada

Andika vyote viwili na namba ya simu. Jana nimepita, Fuso la viazi limerudi nyuma likagonga nguzo, kibao kimegeuka. Sasa Bombani inaelekeza kwenye banda la nguruwe la mjumbe, na bodaboda wametundika helmeti zao juu yake.